Lita Nne na Kilometa Sabini

Mimi ni mwoga. Nasema mapema ili usinicheke baadaye. Naogopa radi na naogopa mbwa. Lakini mwaka ule mafuta yalipoadimika, niliogopa kipimo cha mafuta kuliko radi na mbwa kwa pamoja.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule sebuleni, karibu na dirisha. Mume wangu aliendesha lori miaka ishirini na minane, mpaka mgongo ukamwambia basi. Watu wanamwita Tani Kumi. Jina lilianza kwa sababu ya lori lake. Siku hizi linaendelea kwa sababu ya tumbo lake.

Kaka yake alipohama alituachia gari dogo la haibridi. Gari hilo lina injini ya petroli, mota ya umeme, na betri kubwa chini ya kiti cha nyuma. Likisimama, injini hujizima yenyewe. Likiondoka, huweza kuondoka kwa umeme, kimya kabisa.

Kimya hicho kilimshinda mume wangu. Tukisimama kwenye makutano, injini ikinyamaza tu, alishtuka. Aliweka gia ya maegesho, akakanyaga mafuta mpaka injini ikanguruma.

"Linataka kutufia barabarani hili," alisema.

"Mzee, ndivyo lilivyotengenezwa."

"Wewe shona nguo, Mama. Gari niachie mimi."

Basi nikamwachia. Ningefanyaje?

Binti yetu alikuwa amekuja kwetu kujifungua. Mumewe alikuwa kazini mbali. Uzazi wake wa kwanza alipasuliwa, akatoka damu nyingi, nusura tumpoteze. Mkunga wa hospitali kubwa alituonya.

"Uchungu ukianza tu, mleteni hapa. Msingoje, na msimzalishe nyumbani. Damu ikitoka tena kama ile, ni hapa tu tunapoweza kumsaidia."

Hospitali kubwa iko kilometa sabini kutoka kwetu. Njiani kuna msitu mrefu wenye mlima mkali. Humo hakuna nyumba, na simu haishiki.

Siku ya kliniki tulikwenda na kurudi. Gari lilikunywa lita kumi. Tukabaki na lita nne. Kituo cha mafuta kikafunga mnyororo langoni, wakasema labda mwisho wa wiki ijayo. Gari la wagonjwa la kituo chetu cha afya nalo lilikuwa halina mafuta. Majirani wote ni hivyo hivyo.

Nilichukua chaki yangu ya kukatia nguo, nikapiga hesabu juu ya meza. Kwa mwendo wetu, lita nne zingetufikisha kilometa hamsini na sita. Kilometa ya hamsini na sita iko katikati ya msitu. Akilini nilimwona mwanangu amelala kiti cha nyuma, damu inatoka, na hakuna hata gari moja linalopita. Nikaifuta hesabu, nikaipiga tena; ikatoka ile ile.

Jioni ile nilikwenda kwa jirani yetu, binti ambaye ni fundi umeme wa magari. Nilimweleza yote. Hakunicheka. Alinawa mikono, akaja.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umetumwa kuja kunifundisha kuendesha? Mimi nimeshika usukani kabla mama yako hajaolewa."

"Najua, Mzee. Nimekuja kutazama tu. Tutumie gari langu, ni haibridi kama lenu; petroli yake haifiki hata nusu lita, ni ya kuzunguka mtaa tu. Lita zenu nne tusiziguse."

Tani Kumi akaingia, maana aliombwa vizuri. Mimi nikakaa nyuma. Tulipofika kwenye mteremko wa shule, aliweka gia ya N, ile inayoliacha gari huru.

"Hapo umeweka N kwa nini, Mzee?" fundi aliuliza.

"Gari linateleza bure. Madereva wote wa malori tulifanya hivyo."

"Hata kwenye lori ilikuwa hatari. Kwenye haibridi ni hasara pia. Ukiwa kwenye N, betri haichaji. Liache kwenye D, gia ya kwendea mbele, inua mguu tu. Magurudumu yatazungusha mota, na mota itachaji betri. Umeme huo utakusukuma baadaye bila petroli."

Mume wangu akarudisha D. Mbele taa nyekundu iliwaka. Alikwenda mpaka karibu, akabana breki, sote tukainama.

"Taa umeiona tangu wapi?" fundi aliuliza.

"Tangu kule kwenye duka la dawa."

"Basi inua mguu kule kule. Kisha gusa breki mapema, taratibu. Ukigusa taratibu, mota inashika gari na betri inapata chaji. Ukibana ghafla, nguvu yote inaishia kwenye joto la breki."

Injini ikajizima. Mkono wa mume wangu ukaruka kwenye gia.

"Subiri, Mzee. Usiiamshe. Kila ukiiamsha hapa, unachoma mafuta na gari haliendi popote."

"Siwezi, binti," alisema kwa sauti ya chini. "Injini ilinizimikia mlimani. Breki zikakosa upepo, lori likarudi nyuma. Mwenzangu alikuwa ameshuka kuweka gogo kwenye tairi. Hakupona."

Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kuisikia habari hiyo. Nilitaka kumshika bega, nikashindwa hata kunyoosha mkono.

Fundi alimgeukia. "Pole sana, Mzee. Gari hili, injini ikijizima, halijafa. Breki zake zinafanya kazi hata injini ikinyamaza. Taa imekuwa kijani. Achia breki, kanyaga polepole."

Aliachia. Gari likaondoka bila sauti. Mume wangu alikuwa ameshika usukani kwa nguvu zote, jasho linamtoka.

"Ondoka kwa utulivu," fundi aliendelea. "Ukifika mwendo unaoutaka, legeza mguu kidogo tu, umeme uingie. Na mlima usiupande kwa kubembeleza umeme peke yake. Betri itaisha, halafu injini italazimika kufanya kazi ya kuvuta na ya kuchaji. Iache injini ipande, mwendo mmoja, bila pupa."

Tulizunguka mtaa mara sita. Mara ya sita hatukuinama kwenye taa.

Tuliporudi, fundi alifungua mlango wa nyuma wa gari letu. Alikuta marobota yangu ya kitambaa yamelazwa kwenye kiti, yameziba tundu lenye wavu pembeni.

"Haya ni ya nani?"

"Ya kwangu," nilisema. Mume wangu akanitazama kwa furaha ambayo sikuipenda.

"Mama, hapa ndipo betri inapovuta hewa. Ikikosa hewa inapata joto, inachoka, na injini inalazimika kufanya kazi zaidi. Msiweke kitu hapa hata siku moja."

Nikayatoa. Nyuma kabisa tulitoa pia jeki ya lori, mnyororo na mbao mbili. Tani Kumi alikuwa akivibeba kwa mazoea tu. Mwisho fundi alipima upepo wa matairi. Yote manne yalikuwa chini ya kipimo kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva. Akayajaza.

Alhamisi saa sita mchana binti yangu aliniita kutoka chumbani. "Mama, uchungu umeanza."

Tulimlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwangu, tundu la hewa tukaliacha wazi. Dashibodi ilionyesha kuwa mafuta yatatufikisha kilometa hamsini na sita. Tani Kumi aliitazama, akavuta pumzi, akaondoka polepole.

Aliendesha kilometa sabini kwa saa, si zaidi. Akiona kona, aliinua mguu mapema. Kwenye mteremko aliliacha gari kwenye D. Injini ikinyamaza, niliona mabega yake yakipanda, kisha yakishuka. Nilihesabu nguzo. Nilitazama dashibodi mpaka macho yakauma. Tulikwenda kilometa kumi, namba ikapungua nne tu. Sikuamini, na bado niliogopa.

Tuliingia msituni. Simu ikakosa mtandao. Binti yangu alinishika mkono mpaka kucha zikaingia.

"Mama, kuna maji. Hapana, ni damu."

Nilitazama. Ilikuwa damu. Akili yote ikanitoka.

"Kanyaga," nilimwambia mume wangu. "Mzee, kanyaga, mtoto anakufa."

Mguu wake haukusogea. Taa ya mafuta ikawaka.

"Husikii? Nasema kanyaga!"

"Nasikia," alisema. "Tumebakiza kilometa ishirini na mbili, na mlima ule uko mbele. Nikikanyaga tutalala humu. Mshike mtoto, uongee naye. Mimi nimeshika gari."

Nilimchukia na kumtukana kwa dakika zote za mlima ule. Injini ilipanda kwa mwendo ule ule mmoja. Nilimwambia binti yangu maneno ambayo siyakumbuki. Kileleni mume wangu aliinua mguu, na gari likashuka bila kunywa tone, mshale wa betri ukipanda. Kisha miti ikaisha, nikaona mapaa ya hospitali.

Walimpokea langoni kwa kitanda cha magurudumu, wakampeleka moja kwa moja chumba cha upasuaji. Tulikaa kwenye benchi la mbao. Sikumtazama mume wangu. Nilikuwa nimemtukana njia nzima ya mlimani, na sikujua nianzie wapi.

Baada ya muda mrefu mkunga yule yule alitoka, barakoa ikining'inia shingoni.

"Mama mzima. Mtoto wa kike, mzima," alisema. "Damu tumeizuia. Leo hii nimeona wagonjwa watatu waliokwama njiani kwa kukosa mafuta. Ninyi mmekujaje?"

Tani Kumi alifungua mdomo, machozi yakamtangulia. Nikajibu mimi, maana lilikuwa deni langu kwake.

"Taratibu," nilisema. "Mume wangu ametuleta taratibu."