Nyuzi Ambazo Hazikubadilishwa

Diana alilaza kiganja juu ya nyuzi, na gitaa halikunyamaza.

Ilikuwa Jumatatu, saa tisa mchana, sebuleni kwao, mtaani Kapsoya. Sauti ilibaki hewani, nzito, ya chini sana, kama lori linalopanda mlima wa mbali, kisha ikaisha. Walubengo aliangalia kompyuta. Sekunde sifuri nukta nane. Akaandika daftarini: Mwangwi. Kagua ukuta. Alikuwa mhadhiri wa fizikia, na kwa miezi minane tangu amzike mkewe alikuwa amegundua kwamba jambo likishaandikwa halimdai kitu kingine.

Magitaa ya besi yalikuwa mawili. Yote yalitengenezwa mwaka 1974, kiwanda kimoja, rangi ileile ya kahawia inayoiva kuwa nyeusi kingoni. Moja lilikuwa la Maximilla, mkewe, aliyelipiga kanisani miaka kumi na tisa. La pili Walubengo alikuwa amelitoa Timboroa kwa Mama Priscah, mjane wa mpiga besi wa zamani aliyeitwa Kiptoo.

Kabla ya kufa, Maximilla aliiahidi kwaya gitaa lake. Ondiek, mwenyekiti wa kwaya, alikuwa ameshapiga simu mara mbili, kwa upole. Walubengo hakuweza kuivunja ahadi ya marehemu, wala hakuweza kulitoa gitaa. Likipatikana lingine lenye sauti ileile, aliwaza, kwaya haitapungukiwa, na la Maximilla litabaki nyumbani. Ndiyo maana alikuwa akiyalinganisha.

Siku ya kumkabidhi gitaa, Mama Priscah alisema jambo moja tu: "Hizi nyuzi utoe, utupe, kabla hujapiga. Usijaribu nazo hata kidogo."

Walubengo alidhani mama anazungumzia kutu. Akaitikia, akafika nyumbani, akaziacha. Nyuzi za Maximilla zilikuwa na miaka kumi na miwili. Wapiga besi wa aina yake hawabadilishi, kwa sababu uzi mpya hulia kama sufuria. Kulinganisha nyuzi kuukuu na mpya si kulinganisha. Kipimo cha haki kilidai kuukuu kwa kuukuu.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Yeye alikaa akitazama dirisha, mgongo kwa Diana. Bintiye huyo wa miaka kumi na saba alichagua gitaa lolote bila kusema, akapiga mistari minne ya wimbo aliofundishwa na mama yake. Walubengo alisikiliza, akaandika "Yake" ikiwa sauti ni ya gitaa la Maximilla, au "Nyingine". Mara ishirini.

"Dad, hii ni muziki ama ni mtihani wa KCSE?"

"Piga."

"Ukianguka usiseme mwalimu alikuwa mbaya."

Hakuanguka. Jumatatu alipata zote ishirini. Gitaa la Maximilla lilikuwa na kasoro: chuma kimoja cha shingoni kilikuwa kimelika kwa vidole vyake, na hapo uzi wa tatu ulikwaruza kidogo, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema. La Timboroa lilikuwa safi. Kitu kimoja tu hakikuwa katika gitaa lolote, nacho ni uchelewaji. Diana hupiga mbele ya mdundo, kama mtu anayekimbilia basi. Mama yake alichelewa, chembe tu ya sekunde, na kwaya nzima ilikuwa imejifunza kumsubiri.

Jumatano alipata kumi na tatu.

Alisikiliza tena rekodi. Gitaa la Timboroa lilikuwa limeanza kukwaruza, palepale, uzi wa tatu. Alilichukua, akavikagua vyuma vya shingo kwa rula na tochi. Vilikuwa vimenyooka. Mbao ilikuwa baridi kama jiwe lililotoka mtoni, na mkononi ikamwachia harufu ya moshi na sufu mbichi.

"Inanuka kondoo wamenyeshewa," Diana akasema. Alikuwa amevaa koti ndani ya nyumba.

"Timboroa kuna baridi."

"Basi ingebaki huko na baridi yake."

Ijumaa mvua iliingia mapema. Walubengo aliketi mahali pake, akatazama ua, kamba ya nguo, ukuta wa jirani. Nyuma yake wimbo ulianza, ukaisha, ukaanza. Aliandika Yake. Aliandika Yake. Mara ya kumi na saba mvua ya mawe ilianza kupiga mabati, na nyuma yake wimbo ukaanza tena, safari hii polepole, umechelewa ile chembe ya sekunde, umekwaruza pale ulipopaswa kukwaruza, na kifuani mwake, mahali ambapo kwa miezi minane hapakuwa na kitu, pakafunguka kama mlango unaosukumwa na mtu mwenye funguo zake, na alipokuwa bado ameinamia daftari, kalamu imeshagusa karatasi, jicho lake likaona, nje ya dirisha, kwenye mvua, Diana ameinua mikono, anaanua shuka kwenye kamba, amejifunika kichwa kwa taulo, midomo yake ikilalamikia mawe, na wimbo nyuma ya kiti uliendelea, mstari wa tatu, mstari wa nne, na harufu ya sufu mbichi ikamfikia shingoni pamoja na baridi, karibu, kama pumzi ya mtu aliyeinama kuona anachoandika.

Hakugeuka. Aliandika: Yake. Wimbo ukarudi mara tatu zaidi, naye akaandika mara tatu: Yake.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Sauti ikakatika.

"Dad, nilikuita unisaidie," Diana alisema, shuka mikononi. "Tulikuwa tumefika ngapi? Niliacha kumi na sita."

Akaona daftari. Lilikuwa na ishirini. Mikono yake ikaachia shuka.

"Dad," akanong'ona. "Ni nani alikuwa anapiga?"

Mama Priscah, aliyepigiwa simu usiku uleule, alifika Jumamosi asubuhi, na sweta ya kanisa na mkoba wa ukindu. Alikataa chai. Aliyatazama magitaa akiwa mlangoni.

"Ulitoa nyuzi?"

"Hapana, Mama."

"Na vile umesoma." Alisema bila hasira. "Sikiza. Mambo ya majini ni ya Mombasa. Sisi huku tuna baridi tu. Lakini Kiptoo alipiga huko hotelini miaka tatu, akarudi na hii. Halafu bibi yake wa kwanza, Jepchumba, akafa. Akawa anakaa na gitaa mchana kutwa, anasema, 'Namsikia.' Mimi niliolewa hapo. Nilikuwa napikia mtu ambaye sahani yake hairudi chafu."

"Lakini alikuwa anamsikia kweli?"

"Jepchumba alikuwa kaburini, mwalimu. Hiyo ni kitu ingine. Inajifunza marehemu kwa masikio yako, pole pole. Inakaa kwa nyuzi. Ukikata nyuzi inaenda, ama inatafuta koo." Akamtazama Diana, akashusha sauti. "Jepchumba aliacha msichana. Aliimba na sauti ya mama yake wiki mbili. Kiptoo alifurahi, hakuita mtu."

"Kisha?"

"Kisha tukamzika huyo msichana. Kwa hivyo ukisikia hata kidogo, niite siku hiyo hiyo. Nitakuja, hata usiku."

Akampa koleo.

"Nikate zote?" Walubengo akauliza. "Hata za mke wangu?"

"Niambie iko kwa gitaa gani. Wewe ndiye umepima."

Alifungua daftari. Ishirini, zote Yake. Akalifunga.

Alizilegeza kwanza, kwa sababu uzi uliokazwa ukikatwa huruka. Kisha akakata. Nne za Kiptoo. Nne za Maximilla. Kwenye uzi wa tatu mkono ulisimama, naye akaungoja, kama mtu anayengoja mkono wa mwingine, mpaka ukafunga koleo wenyewe. Mama Priscah alizikunja nyuzi zote nane ndani ya kopo lenye chumvi, akaomba kwa Kikalenjin, maneno machache, akaondoka nalo kwenda kulizika.

Jumatatu Ondiek alikuja kuchukua gitaa, akapewa mawili. Alishukuru mara nyingi. Sebule ikarudia ukimya wake wa kawaida. Hakukuwa na harufu. Walubengo alisahihisha karatasi za wanafunzi, akala alichopakuliwa, akalala.

Alhamisi saa kumi jioni alikuwa mezani. Diana alikuwa akiosha vyombo, akiimba bila maneno ule wimbo wa kwaya. Ilipita mistari miwili kabla Walubengo hajainua kichwa. Binti hakuwa akikimbilia basi. Alikuwa amechelewa, chembe tu, na katika mstari wa tatu koo lake likakwaruza.

Aliinuka, akasimama kwenye mlango wa jikoni. Kile kifua kikafunguka tena.

Diana alimwona, akanyamaza. Alifunga mdomo, akatabasamu kidogo, akaendelea kusugua sufuria. Wimbo nao ukaendelea. Walubengo aliangalia mkono wa sekunde wa saa ya ukutani. Moja. Mbili. Tatu. Tabasamu la Diana likaganda. Akajishika shingo kwa mkono wenye povu.

"Dad," akasema. "Mpigie yule mama."

Simu ilikuwa mezani, hatua mbili. Aliiona.

"Ngoja," Walubengo akasema. Akavuta kiti, akakaa, mgongo kwake, uso kwenye dirisha. "Kwanza rudia mstari wa tatu."