Kiti cha Kushoto

Kila asubuhi dereva aitwaye Wangu alifunga mkanda wa kiti cha abiria, na kwenye kiti hicho hapakuwa na mtu.

Kiptum aliliona jambo hilo katika wiki yake ya tatu kazini, uani kwa kampuni ya kusambaza mizigo mjini Nakuru, madereva walipokuwa wakipakia. Wangu aliuvuta mkanda taratibu, akauacha ulegee kidogo kana kwamba unapita juu ya kifua cha mtu, akaubana, kisha akazunguka upande wa usukani. Dereva mwingine angechekwa. Lakini Wangu ndiye aliyekuwa akiongoza, na Kiptum hakuwa na hamu ya kumcheka. Alitaka kujua.

Waliajiriwa wanne kwa siku moja, kwa miezi mitatu ya majaribio, na supavaiza wao, Abby, aliwaambia wazi kwamba atakayebaki ni mmoja. Kila jioni alituma orodha kwenye kikundi cha WhatsApp: jina la dereva na mizigo aliyofikisha. Kiptum alipanda ngazi za maghorofa ya mtaa wa Section 58 mbio, akala mkate huku akiendesha, akajizuia haja ndogo mpaka kiuno kikauma, na bado aliishia arobaini na mbili. Wangu, sitini na tatu. Siku moja mvua ilinyesha kutoka asubuhi hadi saa kumi. Kiptum alirudi na thelathini, ametapakaa matope hadi magotini. Wangu alirudi na sitini na tano, na viatu vyake vilikuwa vikavu.

Viatu hivyo vilimnyima Kiptum usingizi.

Alikuwa na sababu ya kuitaka kazi. Alipanga chumba kimoja Lanet na mkewe Sally, fundi wa nguo, ambaye mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa saba. Mwanzoni alijiambia kwamba anakimbilia mtoto. Lakini ukweli ni kwamba alipoamka alikuwa akiikumbuka idadi ya Wangu kabla hajamkumbuka Sally aliyelala kando yake.

"Unafanyaje?" Kiptum alimuuliza Wangu siku moja, mwezi wa tatu wa majaribio ukiwa umeingia, kwenye kibanda cha chai.

Wangu alikuwa amenunua vikombe viwili. Kimoja alikiweka mbele ya stuli tupu.

"Kiptum, wacha hiyo maneno."

"Mimi nina bibi ana mimba. Niambie tu."

"Na mimi nina mtoto. Ako Kabazi kwa nyanya yake." Sauti yake ilishuka. "Unajua ni kwa nini nilimpeleka huko? Si kwa sababu ya kazi. Nilipeleka parcel Kariandusi, kule wanachimba ile udongo nyeupe. Nikarudi nikiwa na mtu kwa gari. Usiniulize tena."

Aliinua kichwa, akatazama stuli, akanyamaza kama mtu aliyekanyagwa mguu chini ya meza.

Mtu mwingine angeogopa. Kiptum alirudi kwenye gari lake akiwa na hasira. Kumbe alisaidiwa, alijiambia. Kumbe si kwamba ananishinda. Na kwa nini yeye tu ndiye asaidiwe?

Wiki iliyofuata klachi ya gari la Kiptum ilikufa, na siku hiyo hiyo Wangu aliomba ruhusa kwenda Kabazi kumwona mtoto wake aliyekuwa na homa. Abby akampa Kiptum ufunguo wa gari la Wangu, Probox nyeupe iliyofanana na nyingine zote.

Mkanda wa kiti cha kushoto ulikuwa umefungwa tayari. Ndani mlikuwa na harufu ya chaki iliyoloa maji. Kiptum alikaa, akafunga mlango, akatazama mbele.

"Wewe uliye hapo," alisema polepole. "Kama unaweza kumsaidia yeye, nisaidie mimi. Yeye amekuacha amekwenda kwa mtoto wake. Mimi nitakupenda kuliko yeye."

Mkanda ukajikaza. Kiti kikalia, kama kinavyolia mtu anapojiweka vizuri.

"Kulia," sauti ikasema sikioni mwake.

Siku hiyo alifikisha mizigo sabini na moja. Sauti ilijua lango lililo wazi, mteja aliyekuwa akioga, njia ya mtaa wa Pipeline isiyo na lori lililokwama. Jioni jina lake lilikuwa la kwanza, na madereva walimpongeza kwa sauti za watu wanaouma meno. Aliifurahia sauti hiyo kuliko pongezi zenyewe. Wangu aliporudi, Kiptum alimwomba Abby amwachie gari hilo, na Abby hakuwa na sababu ya kumkatalia dereva wa sabini na moja.

Wangu alishuka hadi ishirini na tisa. Alisimama uani akilitazama gari lake la zamani, na uso wake ulikuwa wa mwanamke anayemwona mumewe akipita na mwingine.

Siku ya tano, Kiptum alipeleka kifurushi Milimani kwa mwalimu mstaafu aitwaye Chepchumba. Mama huyo alimhurumia kwa jua, akamletea maji, akamgusa mkono akisema, "Pole sana, mwanangu." Kiptum akacheka naye kidogo. Alipoingia garini, kiti cha kushoto kilikuwa na vumbi jeupe, laini kama unga, na katika vumbi hilo palikuwa na alama ya mapaja mawili na kiganja kimoja.

"Ulimchekea," sauti ikasema.

Aliporudi Milimani siku mbili baadaye, Chepchumba alifungua lango kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umekunjamana kifuani, vidole vyeupe, havifunguki. "Madaktari hawaoni kitu," alisema, na safari hii hakumkaribia.

Adhuhuri hiyo hiyo Sally alipiga simu.

"Ni nani huyo?" sauti ikauliza.

Kiptum alilitazama jina la mkewe kwenye kioo cha simu. Orodha ya mwisho ya majaribio ingesomwa Ijumaa, zilibaki siku tatu tu.

"Mteja," alisema, akakata.

Alirudi nyumbani jua likizama. Sally alikuwa ameketi kitandani akikunja nguo za mtoto alizozishona mwenyewe, na aliinua uso kumlaki, na Kiptum alikuwa bado ameshika kitasa alipoliona gauni la mkewe likizama begani, mstari mwembamba ukishuka kutoka bega la kushoto kukatiza kifua hadi ubavu wa kulia, na mstari wa pili ukipita juu ya tumbo, ukiingia ndani, ukiendelea kuingia kana kwamba kuna mtu nyuma yake anavuta mkanda kwa mikono miwili, na Sally akafungua mdomo asitoe sauti, na chumba chote kikajaa harufu ile ya chaki mbichi.

"Ni bibi yangu!" Kiptum alipaza sauti. "Nilidanganya! Ni bibi yangu, mwache!"

Mkanda ukalegea. Haukutoka.

Jirani yao Naliaka, mama wa maombi aliyejulikana mtaa mzima, alisikia kelele, akaja bila hata kuvaa viatu. Alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya tumbo la Sally, akaomba mpaka jasho likamdondoka. Kisha akanyamaza, akamgeukia Kiptum.

"Hili ni jini, na halikuingia kwa nguvu. Liliitwa. Sema unataka liende."

"Nataka liende."

Kitu kikacheka pembeni ya kabati, kicheko kidogo cha mtu anayemjua mpenzi wake vizuri. Mstari juu ya tumbo ukazama tena.

"Unadanganya," Naliaka alinong'ona. "Bado unataka kuwa wa kwanza. Likijua hivyo, mimi siliwezi."

Kiptum alitafuta ndani yake neno la kweli. Alimtazama mkewe akihema kwa taabu, na bado, chini kabisa, aliiona Ijumaa. Hapo ndipo alipojiogopa kuliko jini.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Wangu, amekonda.

"Nimemfuata," alisema. Hakumtazama Kiptum wala Sally. Alitazama pembeni ya kabati. "Nipatie ufunguo. Mimi nitamchukua."

"Usimpe," Naliaka alisema. "Ukimpa hujamfukuza. Umemhamisha tu. Mama, si una mtoto?"

"Niko na mtoto," Wangu alisema. "Na nilikaa na yeye siku mbili Kabazi, nikiwaza huyu tu. Nikiwaza ako na nani."

Kiptum angeweza kusema hapana. Naliaka alikuwa akimsubiri aseme. Lakini Sally alitoa mlio mwembamba, na yeye akautoa ufunguo mfukoni, akauweka mkononi mwa Wangu.

Mkanda ukaachia. Hatua zisizo na miguu zikapita sakafuni, zikiacha unga mweupe, zikatoka nje nyuma ya Wangu.

Ijumaa Abby alimthibitisha Wangu kazini. Kiptum aliambiwa asirudi. Mwezi mmoja na nusu baadaye Sally alijifungua msichana mzima, na Kiptum akapata kazi ya kubeba maziwa kutoka eneo la Bahati kwa pikapu ya jamaa, kazi ambayo hakuna anayemhesabia.

Habari za Kabazi zilimfikia kwa madereva wenzake: mtoto wa Wangu alizikwa Agosti. Mama yake hakuonekana mazishini. Siku hiyo alifikisha mizigo themanini.

Kiptum hakumwambia Sally. Lakini Jumamosi moja walikuwa wamesimama kando ya barabara ya Nairobi na mtoto mgongoni mwa mama yake, Probox nyeupe ikapita polepole. Wangu alikuwa akitabasamu, ameinamia kushoto, akimsikiliza mtu.

Kiptum alilifuata gari kwa macho mpaka likapotea. Alijikuta akiwaza Wangu amefikisha mizigo mingapi siku hiyo.

"Unamwonea huruma?" Sally akauliza.

Akafungua mdomo kusema ndiyo. Mtoto akaanza kulia, na upepo uliotoka barabarani ulikuwa na harufu ya chaki.