Profesa wa Asilimia

Kila mwaka matokeo ya darasa la kumi yakitoka, Mrunmayi hukosa hata nafasi ya kuchana nywele. Majirani wa ua wao pale mjini Sangli humletea alama zao, naye, mtoto wa miaka kumi na mitatu, huwageuzia kuwa asilimia na daraja. Sitini ni daraja la kwanza, sabini na tano kwenda juu ni la heshima. Anayepata la heshima hugawa peda, vile vitamu vya maziwa, ua mzima. Mrunmayi alipenda peda, lakini alipenda zaidi kuitwa "profesa".

Mwaka ule, wa kwanza kufika alikuwa Omkar, kijana wa mlango wa pili.

"Haya profesa, niue taratibu."

"Hamsini na nane. Daraja la pili."

"Kumbe nimefaulu! Nilijua kichwa changu hakijaoza chote."

Watu walikuwa bado wanacheka Vaidehi alipoingia na mama yake. Vaidehi alitaka kusoma chuo kimoja cha mji wa mbali wa Pune, lakini huko hawakuwa na ndugu wa kumpokea. Asipopata nafasi katika bweni la wasichana, safari haipo. Bweni lilitaka asilimia themanini na tano. Mrunmayi alijumlisha masomo yote sita: alama mia tano na tatu kati ya mia sita.

"Themanini na tatu nukta nane," alisema.

Mama Vaidehi alishusha macho.

"Ebu someni kwanza karatasi ya bweni," Omkar alisema. "Wengine wana hesabu yao."

"Wewe wa hamsini na nane ndiye wa kunifundisha hesabu?" Mrunmayi alimjibu.

Ua mzima uliangua kicheko. Omkar naye alicheka, ila masikio yalimwiva kwa aibu. Siku hiyo mlangoni kwa Mama Vaidehi haikutoka peda hata moja.

Kesho yake asubuhi Mrunmayi alipita pale. Mama Vaidehi aliuza bisi za mchele zilizokaangwa kwa pilipili na karanga. Alikunja karatasi, akamjazia.

"Kula mwanangu. Si kosa lako. Ndiyo riziki yake."

Mrunmayi alikula hadi alipofika chini, akaona maandishi. Ilikuwa ile karatasi ya maelezo ya bweni. Palikuwa na doa la mafuta, lakini maneno yalisomeka: asilimia ihesabiwe kwa masomo matano yenye alama nyingi zaidi. Na chini yake: mwisho wa kupokea fomu, leo saa kumi jioni.

Alichukua chaki akapiga hesabu kwenye ngazi. Akiondoa sabini na mbili za Kiingereza, zinabaki mia nne thelathini na moja kati ya mia tano. Themanini na sita nukta mbili! Alirudia mara tatu.

Alifurahi, kisha akaona aibu. Bombani pale uani palijaa watu, na Omkar alikuwa mbele kabisa na ndoo yake. Akinyamaza, nani atajua? Karatasi yenyewe ilikuwa ya kutupwa. Alijichukia kwa kuwaza hivyo, akakimbia hadi katikati ya ua kabla moyo haujamgeuka.

"Mama Vaidehi! Nilikosea! Wanahesabu masomo matano tu. Dada Vaidehi amepita! Omkar alisema kweli, mimi nikamcheka."

"Rudia polepole, mtoto we," Mama Vaidehi alisema, mkono kifuani.

Alirudia. Mama Vaidehi hakungoja amalize. "Vaidehi! Acha vyombo, vaa viatu!"

Shuleni kwa Vaidehi, Mwalimu Patwardhan alisimuliwa yote, akaikagua hesabu, akaijaza fomu na kuituma kwa mtandao saa saba mchana. Kisha akamgeukia Mrunmayi, aliyekuwa amejibanza nyuma ya mlango.

"Jana ulijumlisha vizuri na kugawanya vizuri," alisema. "Ulichokosa ni kuuliza wanahesabu nini. Kuuliza si ujinga, binti yangu. Na leo umesema 'nilikosea' mbele ya watu. Wapo wazee wenye mvi ambao hawajaliweza neno hilo."

Baada ya wiki jina la Vaidehi lilitoka kwenye orodha ya bweni. Mama Vaidehi alilia, akacheka, akamkabidhi Mrunmayi sinia la peda agawe. Mrunmayi aliwapita wote waliokuwa wamenyoosha mikono, akaenda moja kwa moja kwa Omkar.

"Chukua ya kwanza. Na unisamehe."

Omkar aliinua ile peda, akaikagua huku na huku.

"Hii ni ya daraja gani, profesa?"

"La heshima," Mrunmayi alisema.