Simu za Saa Kumi

Jumamosi moja ya Oktoba mwaka 1994, kwenye mteremko wa kuingia sokoni Kakamega, Milcah Nafula alikanyaga breki na mguu wake ukazama mpaka chini. Pikapu ya Datsun, yenye magunia manne ya maharagwe, ikazidi kushika kasi.

"Tokeni njiani! Haina breki!"

Wanawake wa mboga wakaruka na karai zao. Milcah akavuta hendibreki, akakata steringi kushoto, na gari likajikita kwenye lundo la mchanga mbele ya jengo lililokuwa likijengwa.

Wa kwanza kufika dirishani alikuwa mwanamume mrefu mwenye ovaroli ya buluu iliyopauka magotini.

"Umeumia, madam?"

"Hapana. Miguu inatetemeka tu."

"Iache itetemeke, ina haki. Mimi naitwa Andati. Ni fundi, gereji yangu iko pale nyuma ya duka la spea."

"Kumbe! Mafundi wa huku mnangojeanga ajali sokoni?"

"Nilikuja kununua nyanya. Nimezimwaga zote nikikukimbilia."

Milcah akacheka huku machozi yakimtoka. Alikuwa amevaa gauni la kijani lenye vifungo vya mbele, na kitambaa chake cheupe kilikuwa kimemwangukia mabegani. Andati akatazama kando ili Milcah ajifunge vizuri.

Walilivuta gari hadi gereji. Andati akainua upande wa mbele kwa jeki, akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Ko, ko, ko.

"Unasikia? Boljoint, viungo vya gurudumu, zimekwisha. Mipira ya bushi imekuwa unga. Breki nayo imevuja mafuta yote, na bitana zimebaki chuma kitupu. Nani anaitunzanga?"

"Mume wangu aliitunza. Alifariki miaka mitatu iliyopita. Mimi naendesha tu."

Andati akaliachia gurudumu polepole. "Pole. Mke wangu pia alienda. Huu ni mwaka wa nne."

Milcah akauza maharagwe yake, kisha akapanda basi kurudi Lugari, kwenye shamba la mahindi alilokuwa akililima peke yake. Spea zingetoka Kisumu, na Andati alimwambia apige simu kwa Onesmus, mwenye lile duka la spea, kila siku saa kumi, ajue kazi imefika wapi.

Simu ya kwanza ilikuwa ya gari peke yake. Ya pili ilianza na gari, ikaishia kwa chakula.

"Leo umekula nini, fundi?"

"Chai na mkate."

"Mwanaume mzima! Na obusuma unapika lini?"

"Ugali wa mtu mmoja ni kazi bure. Unabaki, unakauka kwa sufuria."

Kwenye kibanda cha simu pale Turbo, mji wa karibu na shamba lake, Milcah alizungusha waya wa simu kidoleni. Kwake pia ugali ulibaki, ukakauka. "Najua," akasema.

Baada ya hapo Andati alianza kunawa mikono saa tisa na nusu, akabadilisha shati, akaketi karibu na kaunta ya Onesmus kama mtu anayengoja daktari. Katika chumba chake mtaani Shieywe hakuna aliyemuuliza amekula nini tangu mazishi ya mkewe.

Jumatano spea zote zilikuwa zimefungwa. Onesmus alikaa kwenye usukani akikanyaga na kuachia pedali, Andati akiwa chini akitoa hewa kwenye mabomba ya breki, mpaka pedali ikawa ngumu. Wakaijaribu pikapu barabara ya Bukura. Ilisimama palepale ilipotakiwa, na steringi haikutetemeka hata kidogo.

Saa kumi simu ikalia.

"Gari iko aje, Andati?"

Alifungua kinywa aseme iko tayari. Kisha akaona kesho yake saa kumi, akiwa amenawa, na hakuna wa kumpigia simu.

"Bado," akasema. "Kuna bushi moja haijafika."

Alhamisi akasema hivyo tena. Ijumaa pia. Jumapili usiku mvua isiyotarajiwa ikanyesha Lugari, ikanyesha tena Jumatatu, na mahindi ambayo Milcah alikuwa ameyavuna, yakingoja pikapu iyatoe shambani, yakalowa yote.

Jumanne hakupiga simu. Alifika mwenyewe, viatu vimejaa matope, akaikuta Datsun yake imesimama kivulini, imeoshwa.

"Hii imepona lini?" akamuuliza Onesmus.

"Si wiki iliyopita, Jumatano? Mimi ndiye nilikanyaga breki," Onesmus akajibu, bila kujua.

Andati akatoka chini ya gari jingine. Alipouona uso wa Milcah, akajua.

"Mahindi yangu yameanza kuoza kwa rundo," Milcah akasema. Hakupaza sauti. "Jasho langu la mwaka mzima. Kwa nini, Andati?"

"Niliogopa ukiichukua hutapiga tena."

Milcah akachukua ufunguo, akawasha, akaondoka. Taa za nyuma zikawaka pale kwenye kona, kisha zikazima.

Wiki mbili zilipita. Saa kumi ilifika kila siku. Andati hakuingia tena dukani saa hiyo. Alijitia kazi yenye nyundo.

Jumamosi ya tatu akaifunga gereji, akapanda basi mpaka Lugari. Alimkuta Milcah uani, ameinama juu ya maturubai, akitenga mahindi mazima na yaliyooza. Hakumkaribisha wala hakumfukuza. Andati akavua koti, akachuchumaa upande wa pili, akaanza kutenga. Walifanya kazi mpaka jua likageuka.

"Nimekuja kuomba msamaha," hatimaye akasema. "Sina la kujitetea."

"Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kipsang, jirani yangu, alipita Kakamega Alhamisi. Akaniambia gari yangu imeshuka jeki, inang'aa. Nikaenda kupiga simu, ukanidanganya, nikakuuliza umekula nini, maana nami sikutaka simu ziishe." Akatupa hindi lililooza nyuma yake kwa nguvu. "Ningekuja Ijumaa, haya yote yangekuwa stoo. Nilikukasirikia wewe kwa sababu kujikasirikia mimi kulinishinda."

Andati akaliweka chini hindi aliloshika. "Milcah. Mimi sitaki simu tena. Nataka tuishi pamoja."

Milcah akalaza mikono juu ya mahindi.

"Jambo kama hilo mtu haji peke yake," akasema. "Una nani wa kukusindikiza?"

Lilikuwa swali gumu kuliko yote. Baada ya mazishi Andati alikuwa amewakimbia ndugu zake wote, maana walimtazama kwa huruma.

"Senge yangu, Sellah, dada ya baba. Yuko Malava. Sijamwona miaka minne."

"Basi mtafute. Mimi niko."

Basi la kurudi lilipofika Malava, Andati akashuka. Akapita njia ya miwa aliyoijua tangu utotoni, akasimama mbele ya mlango wa shangazi yake. Ndani kulikuwa na harufu ya kuni na sauti ya mwiko kwenye chungu. Akabisha hodi.

"Ni nani?"

"Ni mimi, senge. Ni Andati."

Mwiko ukanyamaza. Kisha akasikia kiti kikiburutwa, na miguu ya mzee ikija mbio.