Mwamini na Saa za Siku

Mwamini alikunywa chai amesimama. Mkono mmoja ulishika kikombe, wa pili ulishika daftari la biolojia. Mgongoni alimbeba Hemedy, mwanawe wa miaka miwili, ambaye alikuwa akilia. Mbele yake, jikoni, mkate wa kumimina ulikuwa unaiva. Makaa yalikuwa chini ya sufuria na mengine juu ya mfuniko.

"Rukaya! Mikate iko tayari. Chukua ndoo!"

"Mama, sijavaa viatu."

"Vaa njiani!"

Rukaya alikuwa na miaka kumi na miwili. Alisoma darasa la sita. Alijitwisha ndoo ya mikate na kutoka mbio, viatu mkononi. Alikuwa akiipeleka kwenye vibanda vya chai vya stendi ya Kibiti, kisha akienda shule. Angalau hivyo ndivyo mama yake alivyojua.

Biashara ya mikate ilikuwa na miezi mitano. Mwamini aliloweka mchele, akausaga, akakuna nazi, akatia hamira na iliki. Watu waliipenda mikate yake. Wenye vibanda waliitaka kila siku, naye kila siku aliwapelekea.

Lakini Mwamini alikuwa na jambo jingine moyoni. Aliacha shule akiwa kidato cha pili, baba yake alipofariki. Sasa alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na mjini lilifunguliwa darasa la watu wazima. Lilikuwa siku tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, saa tisa alasiri. Alijiandikisha siku ya kwanza kabisa.

Mume wake, Idrisa, alikuwa fundi pikipiki. Hakumkataza. Alisema, "Soma, mke wangu, ila nyumba isilale njaa." Kisha akaenda zake gereji. Mama mkwe wake, Bi Salima, alikuwa amekuja kutoka Maparoni kutibiwa miguu. Alikaa barazani akisuka ukili wa mikeka. Naye hakusema kitu.

Basi Mwamini akabeba yote peke yake. Akiwa darasani, aliwaza mchele aliouloweka. Akikuna nazi, aliwaza mtihani. Akimwogesha mtoto, aliwaza vyote viwili. Hata akiketi, mguu wake mmoja ulikuwa unatikisika.

Siku moja hamira iliisha. Saa nne asubuhi Mwamini akaenda kununua nyingine duka la karibu na stendi. Alipopita nyuma ya vibanda, alimwona mtoto wa shule ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Sketi ya bluu. Shati jeupe.

Alikuwa Rukaya.

"Wewe! Unafanya nini hapa saa hizi?"

Rukaya aliinuka.

"Mama, mikate ilichelewa kuiva. Nikachelewa. Niliona haya kuingia darasani wenzangu wameshaanza."

"Leo tu?"

Rukaya alitazama chini. "Jana pia. Na juzi. Wiki iliyopita siku mbili."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka kukwambia, Mama. Ulikuwa unasoma. Kisha ukawa unasaga. Kisha ukaniambia nimbebe Hemedy."

Mwamini alisahau hamira. Alimshika mwanawe mkono, wakaenda shuleni. Alimweleza mwalimu wa darasa, Mwalimu Haruna, kila kitu bila kuficha. Mwalimu Haruna alifungua daftari la mahudhurio.

"Nilikuwa nimeandaa barua ya kukuita, mama," alisema. "Rukaya ni hodari wa hisabati. Lakini akiendelea hivi, wenzake watamwacha. Na mtoto akishazoea kukaa nje, kumrudisha ni kazi."

Njiani kurudi nyumbani Mwamini alilia. Yeye alikuwa akiitafuta shule aliyoipoteza, huku mwanawe akiipoteza ya kwake kwa ajili yake.

Idrisa aliporudi kula mchana, Mwamini alimweleza yaliyotokea, kisha akasema, "Nimechoka, Baba Rukaya. Naacha."

"Unaacha nini?"

"Sijui. Kimojawapo."

"Basi acha shule," alisema Idrisa. "Mikate inatusaidia. Shule itakusubiri."

"Imenisubiri miaka kumi na saba!"

Bi Salima alisema kutoka barazani, "Mimi ningeacha vyote, nikalea wanangu. Sisi tulilima mpunga, tukalea, hatukwenda shule wala hatukuoka mikate ya watu."

Mwamini aliinuka. Aliingia ndani, akatoka, akaingia tena. Alichukua ufagio, akauweka. Siku ile hakufungua daftari, wala jioni hakuloweka mchele.

Asubuhi yake, Jumamosi, hodi ilipigwa. Alikuwa Bi Mwanamina, jirani yao, afisa maendeleo ya jamii wa kata.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Bi Salima.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimekuja kununua mkate, nasikia leo hakuna. Kulikoni?"

Mwamini alimweleza. Bi Mwanamina alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Una mahindi makavu humu ndani?"

"Yapo."

"Lete kikombe kimoja. Mwite na Baba Rukaya, yuko nyuma anaosha pikipiki. Na Rukaya. Wote tukae mkekani."

Wakakaa. Bi Mwanamina akasema, "Kila punje ni saa moja. Kila mtu apange kazi anazofanya siku ya kazi ya kawaida. Mkilala au mkipumzika, msiweke kitu."

Mwamini alipanga punje zake. Kukuna nazi. Kuoka. Kufua. Kuchota maji. Kupika. Kusaga mchele. Darasa. Kumlaza mtoto. Mstari wake ulifika punje kumi na nane.

Idrisa alipanga punje tisa za gereji. Akasita. "Baada ya hapo nakwenda kijiweni kucheza bao," alisema. "Na bao si kazi." Akacheka kidogo. Hakuna aliyecheka naye.

Rukaya alianza taratibu. "Kuosha vyombo. Kupeleka mikate. Shule. Kumbeba Hemedy. Kuchota maji. Kumbeba Hemedy tena."

"Na kusoma nyumbani?" aliuliza Bi Mwanamina.

"Hiyo haina punje," alisema Rukaya.

Idrisa alitazama mstari wa binti yake, kisha wa kwake. Wa mtoto ulikuwa mrefu kuliko wa baba. Alijikuna shingo.

"Sikujua," alisema.

"Hamkuwahi kukaa mkaona," alisema Bi Mwanamina. "Mwamini, ulitaka kusoma, ukataka biashara. Yote mazuri. Ila ulianzisha kama mtu asiye na watu nyumbani. Hukuwaambia unahitaji nini, nao hawakuuliza. Biashara ndogo inataka siku zake. Masomo yanataka saa zake. Na mtoto anataka shule yake. Hiyo haiguswi. Usifidie saa zako kwa saa za mtoto."

"Sasa niache kipi?"

"Kwanza tuone nani anaweza kushika nini. Kwani lazima uoke kila siku?"

"Wateja wa vibanda wanataka kila siku."

"Nao ndio wanaokukimbiza alfajiri. Je, kuna wanaonunua mkate mzima, wa nyumbani au wa shughuli?"

"Wapo. Huwa nawakatalia, sina muda."

"Hao wanaagiza mapema. Oka kwa oda, siku ambazo huna darasa. Wenye vibanda wape siku mbili. Atakayekubali, sawa."

Mwamini aliogopa. "Nikiwapunguzia watanikimbia."

"Wengine watakukimbia," alisema Bi Mwanamina. "Nisikudanganye."

Idrisa akakohoa. "Mikate nitaipeleka mimi. Gereji iko jirani na stendi. Ila kijiweni wataniita Mama Mikate."

"Wakuite," alisema Bi Salima. Wote wakamgeukia. "Mimi miguu ndiyo mibovu, mikono mizima. Nileteeni nazi nikune. Na huyu Hemedy alasiri aje kwangu. Mjukuu wangu, nami nakaa naye mbali kama mgeni!"

"Lakini mama, ulisema niache vyote," alisema Mwamini.

"Nilisema hivyo kwa sababu hukuniomba kitu hata siku moja. Nilidhani hunitaki katika mambo yako."

Wiki ya kwanza haikuwa rahisi. Vibanda viwili viliacha kununua. Idrisa alipewa kazi ya kuangalia moto, akazidisha makaa ya juu, mikate miwili ikaungua. Kijiweni kweli walimwita Mama Mikate. Siku ya tatu, mmoja wao alimwuliza kama anaweza kumwagizia mkate wa khitma ya baba yake. Mwamini mwenyewe aliamka saa kumi alfajiri hata siku zisizo na kazi. Alizunguka uani hajui afanye nini. Kupumzika nako kulimtaka ajifunze.

Lakini Rukaya aliingia darasani kila siku kabla ya kengele.

Mwezi wa tatu wa mpango huo, simu ililia. Alikuwa Bi Mwantumu, mteja wa Ikwiriri.

"Mwamini, nina harusi. Nataka mikate arobaini, Alhamisi asubuhi."

Arobaini! Hakuwahi kupata oda kama ile. Neno "sawa" lilimfika mdomoni. Lakini Alhamisi hiyo darasa lilikuwa na mtihani wa majaribio. Alilitazama daftari lake la biolojia, mguu unatikisika.

"Haloo? Unanisikia?"

"Nakusikia, Bi Mwantumu. Alhamisi siwezi, nina mtihani. Ijumaa jioni nitakupa thelathini, mizuri. Arobaini nitakudanganya."

Mwamini alifumba macho.

"Harusi yenyewe Jumamosi," alisema Bi Mwantumu. "Nilitaka iwahi tu. Basi Ijumaa. Thelathini."

Ijumaa ile Bi Salima alikuna nazi mpaka akaomba maji. Idrisa alifunga gereji mapema, akapalia makaa kwa uangalifu. Mikate thelathini ilikwenda Ikwiriri kwa pikipiki, haukuungua hata mmoja.

Matokeo ya mtihani yakatoka. Mwamini alifaulu biolojia na Kiswahili, na masomo mengine mawili kwa taabu. Hisabati aliifeli vibaya. Zamani angekimbia huku na huku, akaongeza saa, akaacha kulala. Sasa alikwenda kwa aliyekuwa hodari wa hisabati nyumbani.

Jumapili saa nne asubuhi wawili hao walikaa mkekani, daftari katikati. Mwamini aliandika jibu haraka haraka.

Rukaya akatikisa kichwa. "Siyo hivyo, Mama. Asili za sehemu hizi, namba za chini, hazilingani. Huwezi kujumlisha kabla hujazilinganisha. Usikimbilie jibu."

"Nifanyeje, mwalimu?"

"Futa. Anza tena, polepole."

Mwamini akafuta, akaanza tena.