Mchoro wa Nne

Jua lilikuwa likishuka upande wa mtaa wa Himbi nilipotoka kwenda kuazima kalamu.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wangu wa tatu katika mwaka wa kwanza wa uhandisi. Michoro yangu mitatu ya kwanza ilikuwa imepata sifuri, yote kwa sababu ya madoa ya wino. Asistanti, msaidizi wa profesa anayesahihisha michoro, alituambia wazi: atakayekosa mchoro wa nne kesho asubuhi, mwaka wake umekwisha. Na papa, baba yangu, kule Kiwanja, alikuwa amesema neno lake mara moja tu, kwa upole. Nikianguka, narudi sokoni kupima maharagwe.

Kalamu yangu ya wino ilikuwa imeziba kabisa. Asumini, niliyepanga naye chumba mtaa wa Mapendo, alitazama karatasi yangu huku akimenya vitunguu.

“Hii ni robinet ya maji, ao ni mende ulikanyaga?”

“Asumini, acha.”

“Enda basi kwa Achille, ule wa nyumba ya mbao. Iko na kalamu nzuri.”

Achille alijulikana na wote. Alikuwa mwaka wa kwanza kwa mara ya saba. Wenzangu walimcheka, mimi sikuweza. Hujui kinachomrudisha mtu mahali pamoja.

Mlango wake ulikuwa wazi. Harufu ndiyo iliyonipokea... sambaza, vile vidagaa vya ziwani, waliosahauliwa ndani ya maji. Yeye alikuwa ameketi kwenye kigoda, kalamu mdomoni, akiifyonza taratibu kama mtoto anavyonyonya.

“Niko mu première, mwaka ya kwanza,” nilisema. “Kalamu yangu imekufa, na planche, mchoro ya nne, ni ya kesho.”

Aliitoa mdomoni. Uzi wa mate meusi ulivutika kutoka midomoni, ukakatika, ukamlalia kidevuni. Ufizi wake ulikuwa mweusi. Ulimi ulikuwa umevimba, unang'aa kama mruba.

“Chukua, mama.”

Niliipokea. Ilikuwa ya vuguvugu. Nikatafuta kitambaa mfukoni.

“Usipanguse,” alinong'ona. “Hapendake.”

“Nani?”

Alinitazama tu, kwa macho ya mtu anayeomba.

Kwetu, mtu akikupa kitu kwa mkono wake, hukipangusi mbele yake. Ni kumwambia usoni kwamba ni mchafu. Nikasema asante, nikaondoka nayo hivyo hivyo, ikiteleza kiganjani.

Nilipanga kuiosha nikifika. Ndoo ilikuwa tupu, Asumini amekwenda kupanga foleni ya maji. Nikaipangusa kwenye sketi, nikaanza kuchora. Mstari wa kwanza ulitoka safi, mwembamba, bila doa. Wa pili pia. Wa kumi pia.

Katikati ya kazi, wino ukakata.

Sisi hatuna dawa nyingine. Kalamu ikiziba, unaifyonza ncha mpaka wino uje. Ndilo jambo la kwanza wanafunzi wa zamani wanalotufundisha. Niliutazama ule mdomo wa chuma, nikamkumbuka Achille. Nikayakumbuka maharagwe.

Nikafunga macho. Nikafyonza.

Kitu kilikuja.

Hakikuwa wino. Kilikuwa kizito, chenye chumvi, kama makamasi ya mgonjwa. Na ndani yake, unywele. Ulikwisha kufika kooni. Niliushika kwa vidole ili niutoe. Nilivuta...

Nao ukavuta.

Nikameza.

Nilitapika mara mbili kwenye beseni. Haukutoka. Na mkono wangu wa kuume, wakati huo wote, ulikuwa mezani ukichora.

Asumini aliporudi na maji, mchoro ulikuwa umekamilika. Mzuri kuliko wowote niliouona darasani. Aliinama kuusoma pembeni, mahali mwanafunzi anapoandika jina lake.

“Micheline Kavira ni nani?” Kisha akaniangalia, akarudi nyuma. “Wivine... kinywa yako iko nyeusi.”

Nilikwangua jina kwa wembe. Chini yake lilikuwepo tena. Nikakwangua tena. Karatasi ilipoanza kutoboka, niliacha, kwa maana karatasi iliyotoboka ni sifuri.

Asubuhi asistanti aliutazama mchoro kwa muda mrefu.

“Huyu tulisoma naye,” alisema chini chini, kidole juu ya lile jina. “Planche yake ya nne haikufika. Walimukuta amekufa, kalamu ingali mu kinywa. Achille, mchumba wake, ndiye alibeba vitu yake.”

Alijiziba pua. Pumzi yangu ilikuwa imemfikia. Akaandika kumi na saba kwa ishirini kwenye daftari, bila kuniambia mbele ya jina gani.

Nilimrudishia Achille kalamu yake. Alikuwa anakula foufou, ugali wa muhogo, kwa hamu, na ulimi wake ulikuwa mwekundu, safi.

“Pardon, mama,” alisema. “Miaka saba nilikuwa nakwangua ile jina.”

Kalamu hakuipokea. Nilijaribu kumchukia, nikashindwa. Saba ni miaka mingi.

Mimi sikukwangua tena. Nilifikiri, Micheline aachwe apite mwaka wake, labda atanitoka. Michoro mingine yote aliichora yeye. Mitihani aliandika yeye. Mimi nilikuwa nikimeza tu. Sombe, majani yetu ya muhogo, ilikuwa na ladha ile. Maji yalikuwa na ladha ile. Kila asubuhi nilisugua ulimi kwa majivu hadi damu, na damu ilikuwa nyeusi.

Mwisho wa mwaka, orodha ya waliopita ilibandikwa Jumamosi. Micheline Kavira, wa kwanza. Nililitafuta jina langu mara tatu, juu hadi chini. Wenzangu waliposhangilia, walinishika mkono mimi.

Jioni papa alipiga simu kutoka Kiwanja. Nilimsikia akipumua, akiogopa kuuliza.

“Papa,” nilisema, “tumepita.”

Akasema kwa adabu, kama mtu anavyozungumza na mgeni:

“Mama, pardon. Hiyo telefone ni ya mutoto wangu. Unipatiye Wivine, basi.”