Sitakuja Kukuchukua

Jumatano ndiyo siku ya marobota mapya kwenye soko la mitumba, na siku hiyo Eldoret hakuna mtu mwenye adabu. Mhubiri anasukumana, mwalimu anakanyaga watu. Tryphosa, fundi wa kushona sare za shule, alikuwa ameinama juu ya lundo la makoti, rinda lake la buluu limejaa vumbi, alipoona koti moja la rangi ya damu ya mzee. Akalivuta. Koti likakataa kuja. Upande wa pili mwanamume mmoja alikuwa amelikamata kola.

"Hili nimeliona kwanza," Tryphosa alisema.

"Wewe umeliona. Mimi nimelishika."

"Ni la kike, kaka. Utalivaa wapi?"

"Kanisani. Nitakaa safu ya mbele kabisa, watu wanione vizuri."

Tryphosa alikuwa na tusi tayari mdomoni, lakini akajikuta anacheka. Mwanamume huyo aliitwa Ephantus, mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikono ina makali, na alikuwa anamtafutia dadake koti la baridi ya Julai. Mwishowe aliliachilia, akaondoka na nambari ya simu. Biashara nzuri hiyo, mkiniuliza mimi.

Kazi ya Ephantus ilikuwa kufundisha watu kuendesha gari.

"Nalipwa kukaa karibu na mtu anayeogopa," alimwambia kwa simu jioni hiyo.

"Na akiingia kwa mtaro?"

"Tunaingia wote."

"Ai, wewe! Mimi usinifundishe."

"Wewe nitakubeba tu, mrembo."

Penzi likashika moto. Ikawa ni chai na mandazi, matembezi baada ya ibada, simu mpaka betri zinalia. Mtu mwingine angetulia akamshukuru Mungu. Tryphosa hakuweza. Kila mambo yalipokuwa matamu, alianza kutafuta kosa. Siku moja Ephantus alichelewa kwa sababu wanafunzi wake walikuwa wanafanya mtihani wa leseni. Tryphosa akazima simu, akajifungia chumbani kwake kule Kiplombe. Ephantus akaja na mvua yote, suruali imekunjwa mpaka magotini, akagonga lango akiita, "Mpenzi, nimekosa nini? Nifungulie, tafadhali." Tryphosa alisikia raha ambayo hakuwahi kuisikia wakiwa wameketi pamoja kwa amani. Sasa najua ananipenda, aliwaza. Baada ya muda akarudia mchezo huo. Ephantus akaja tena, amekonda.

Kabla yake kulikuwa na wanaume wengine wawili waliochoka wakaenda zao. Tryphosa aliwaambia wenzake dukani kwamba hao hawakuwa na mapenzi ya kweli, na wenzake, waongo hao, wakaitikia.

Kisha Ephantus akasema, "Jumapili tunaenda kwa wazazi wangu. Mama ameshaanza kutafuta kuku."

Kila msichana anajua maana ya kuku huyo. Tryphosa alimkumbatia, akacheka, na moyoni akaingiwa na baridi. Ijumaa wakiwa hotelini wanakula, simu ya Ephantus ikalia. Akaongea kidogo, akacheka, akakata.

"Nani huyo?"

"Ciku. Si unamjua, yule mama wa mboga? Bado anaogopa kurudisha gari nyuma."

Tryphosa alimjua vizuri sana. Alikuwa amewashonea wajukuu wa Ciku sare. Lakini alihitaji sababu, na sababu ilikuwa imejileta yenyewe.

"Mbona mimi hunichekei hivyo?"

"Tryphosa, tafadhali. Usifanye hivi wiki hii."

"Nimefanya nini? Jumapili nenda na huyo Ciku wako!"

Jioni hiyo, simu ameizima, alikuwa kijijini Sugoi, kwa nyanyake, mahali mamake alipokuwa akiishi tangu Tryphosa akiwa mtoto. Mamake aliposikia habari, alifurahi.

"Umefanya vizuri. Mwanamume asiyekufuata hakupendi. Hata kama si wa kwetu, atakuja tu."

Akafagia kiwanja, akatoa vikombe vya wageni, akajifunga kitambaa chake cha maua. Jumamosi Tryphosa aliwasha simu aone ametafutwa mara ngapi. Hakuna hata mara moja. Kulikuwa na ujumbe tu: "Nakupenda. Lakini sitakuja kukuchukua. Nikikufuata kila mara, nakufundisha kukimbia. Ukirudi utanipata. Jumapili naenda nyumbani, uje ama usije."

"Anaringa," mamake alisema. "Ngoja."

Wakangoja. Jumapili ikapita yote, na aliyeingia langoni alikuwa jirani, anatafuta ng'ombe wake.

"Mama, ni kweli Baba alikuwa anakuja kukuchukua hapa?"

"Mara nyingi!" Uso wa mama ukang'aa. "Anakuja na wazee, wanabembeleza, na mimi nimenuna huko ndani. Tukirudi ananibebea mzigo njia nzima."

"Halafu?"

"Halafu tunakaa vizuri wiki mbili hivi."

"Halafu?"

"Halafu nakuja hapa tena."

"Na mara ya mwisho?"

Mama alikizungusha kikombe mkononi. "Hakuja. Nilingoja mpaka mahindi yakavunwa, nikaenda mwenyewe, nikapata mwanamke mwingine anapika jikoni kwangu. Ndiyo maana nakuambia usirudi mwenyewe. Ni aibu, mwanangu."

Tryphosa alimtazama pale kitini, na kitambaa chake kizuri, bado anachungulia lango. Alimwonea huruma. Kisha akajiona yeye mwenyewe amezeeka kwenye kiti hicho hicho, na akaogopa sana.

Jumatatu asubuhi akaondoka. Mamake akamfuata mpaka barabarani. "Tryphosa! Unajishusha!"

"Acha nijishushe, Mama."

Alimpata Ephantus kwenye uwanja wa mafunzo, peke yake ndani ya gari kuukuu, kwenye kiti cha mwalimu, anamngoja mwanafunzi. Akaingia upande wa dereva, akafunga mlango. Ephantus hakugeuka.

"Mama alialika mpaka shangazi zangu," alisema. "Kila gari likipita anatoka nje kuangalia. Nikamwambia wewe ni mgonjwa. Nimemdanganya mamangu kwa ajili yako."

"Nisamehe."

"Na usifikiri sikutaka kuja. Jumamosi nilifika mpaka Turbo, njia ya kuja kwenu, nikageuza gari nikilia kama mtoto. Nimechoka, Tryphosa! Nimechoka kupenda mtu ambaye kila siku ananikimbia!"

Ephantus hakuwa amewahi kumpandishia sauti. Mkono wa Tryphosa ulienda wenyewe ukashika kitasa cha mlango. Toka, moyo ulimwambia, toka, atakufuata. Na pengine angemfuata kweli, maana Ephantus naye alikuwa na udhaifu wake. Tryphosa akauondoa mkono, akauweka mapajani.

"Ciku sina neno naye," alisema. "Nilitaka uje unibembeleze, ndiyo nijue bado unanitaka. Sijui njia nyingine. Naogopa, Ephantus. Hata sasa nataka kutoka."

"Basi toka."

"Sitoki."

Nje, Ciku alikuwa amefika kwa somo lake, mkoba kwapani. Akawaona, akaguna, akaenda kuketi kwenye kivuli cha ofisi.

"Mama hataki hata kusikia jina lako."

"Nitaenda leo nimwombe msamaha."

"Atakufukuza."

"Akinifukuza nitakuja nikwambie nimeumia. Sitazima simu."

"Bado nimekasirika."

"Najua."

"Sijui kama nitakuoa."

Hilo lilimpiga kifuani. Machozi yakamtoka, na hakuyaficha wala hakuyatumia.

"Sema yote," alisema. "Niko hapa."

Ephantus akamgeukia, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. Kisha akavuta pumzi, akaanza kusema, na yalikuwa mengi.